Taa Imezima, Diski Inazunguka

Chumba cha Sauti,
Bungoma.
18 Mei 2009

Kwako Bi Wacuka,

Salamu nyingi. Natumaini mahindi ya Kitale yamepaliliwa na wa nyumbani ni wazima. Ni mimi tena, Mukhwana, yule wa kituo cha wasioona kwenye njia ya Myanga. Mwaka jana ulikuja kutuwekea programu ya Linux, ile inayosoma skrini kwa sauti, na ulipopewa soda ukasema afadhali uji. Wapishi wetu bado wanakutaja.

Unakumbuka kazi yangu. Walimu na akina mama wa kanisa wanasoma vitabu vya shule mbele ya maikrofoni, mimi nasafisha sauti na kuziweka kwenye diski za nje. Mwaka huu tuna watahiniwa ishirini na watatu wa Kidato cha Nne wanaotegemea sauti hizo, kwa sababu vitabu vya nukta nundu, vya kusomwa kwa vidole, havitoshi hata nusu yao.

Sasa sikia shida. Mwaka jana tuliibiwa diski moja. Bodi ya kituo ikaagiza kabati la chuma, fundi akalichomelea ukutani. Alipima kila kitu vizuri sana, isipokuwa alilijenga juu ya soketi ya pekee tuliyo nayo upande ule. Kwa hiyo diski ziko ndani, soketi yake iko ndani, na kinachotoka ni kebo za USB tu, kwa tundu la ukubwa wa kizibo cha soda. Ufunguo anao katibu wa bodi, Bwana Walubengo, ambaye nusu ya wiki yuko kwenye shamba lake Tongaren. Diski zinazunguka mchana kutwa na usiku kucha humo ndani. Mvua ya radi ikija, stima inapotea ghafla zikiwa kwenye mwendo, na diski inakufa. Tangu Septemba zimekufa tatu, imebaki hii moja kubwa.

Bodi haisemi ni kabati. Inasema ni mimi. Tarehe 24 Julai wanakutana, na wameniandikia kwamba diski nyingine ikiharibika kabla ya siku hiyo, natoka, na chumba kinafungwa hadi wapate mtu mwingine. Kumpata mtu kutawachukua hadi mtihani upite.

Ninachouliza ni kimoja. Je, kompyuta yenyewe inaweza kuizima diski na kuiwasha tena, bila mkono wa mtu kugusa kitu? Nilikupigia simu wiki jana ukanitajia amri ndefu, nikaweka nafasi mahali pasipo na nafasi, ikakataa, nikabaki sijui kama inawezekana kweli. Tafadhali iandike kwa barua. Na uandike kwa herufi kubwa kubwa, macho yangu yamezeeka.

Wako,
Wilberforce Mukhwana

*

Kitale.
22 Mei 2009

Kwako Mzee Mukhwana,

Salamu sana. Mahindi yamepaliliwa, na baba yangu ameyalalamikia kama kawaida yake. Bado niko kwenye kile chumba nyuma ya duka lake la mbegu. Jana mteja aliingia na kompyuta kwapani akaniuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia ametoka kidogo. Akaketi kumngoja, akanitazama nikiitengeneza hiyo kompyuta yake mpaka ikawaka, kisha akaniomba nimsalimie fundi.

Mzee, jibu la swali lako ni ndiyo, na si uchawi. Linux ina faili ndogo kwa kila tundu la USB. Ukiandika ndani yake neno suspend, tundu linalala na kifaa kilichochomekwa hapo. Ukiandika on, linaamka. Ukiwa umeingia kama msimamizi wa mashine, andika hivi, bila kuongeza wala kupunguza:

echo suspend > /sys/bus/usb/devices/1-4/power/level

Hiyo 1-4 ni tundu la diski yenu kubwa, nililiandika kwenye daftari langu nilipokuja. Kabla ya hapo hakikisha umeitoa diski kwa umount, usije ukailaza ikiwa na kazi mkononi. Kisha angalia taa. Ikizima, diski imezima. Nimeijaribu hapa kwangu kwa diski kama hiyo yenu, na taa ilizima papo hapo.

Iamshe unapotaka kuweka sauti, ilaze ukimaliza. Radi ikija itaikuta imelala. Mwambie Bwana Walubengo akae na ufunguo wake hadi uote kutu.

Wako,
Lorraine Wacuka

*

Bungoma.
29 Mei 2009

Kwako Madam Fundi,

Amri imekubali mara ya kwanza. Mwalimu Peris, anayetusomea vitabu vya historia, alichungulia kwenye tundu la kebo akasema taa ya bluu imezima kabisa. Nikaandika on, akasema imewaka. Tumefanya hivyo mara sita kama watoto. Nilijisikia mtu mzito, nikakaa kwenye kiti nikacheka peke yangu.

Lakini kuna jambo. Taa ilipokuwa imezima niliweka kiganja kwenye ubavu wa kabati. Chuma kile kinatetemeka kidogo diski ikizunguka, nimekizoea kuliko saa yangu ya mkononi. Nilikaa nacho dakika kumi nzima. Kilikuwa kinatetemeka vilevile. Peris anasema taa imezima. Mkono wangu unasema diski inazunguka.

Sitaki uone kama nakubishia. Wewe ndiye umesomea kazi hii. Mimi nilikuwa karani wa taipu serikalini miaka ishirini na miwili. Lakini nikiamini taa na diski ife, bodi haitamfukuza Peris.

Wako,
W. Mukhwana

*

Kitale.
4 Juni 2009

Kwako Mzee Mukhwana,

Nimesoma barua yako mara mbili, na nitasema ukweli, imenikera kidogo. Taa ni taa, Mzee. Diski ikikosa stima taa inazima, na taa ikizima diski haina stima. Huo mtetemo unaweza kuwa friji ya jikoni, au pampu ya maji, au lori barabarani. Kabati la chuma lililochomelewa ukutani litatetemeka hata mtu akipita na mkokoteni.

Naomba unijibu mambo matatu. Taa ilizima yote, au ilififia tu? Ilizima mara moja, au baada ya muda? Na zaidi ya yote, uliiangalia wewe mwenyewe? Kila mahali umeniandikia Peris amesema, Peris ameona. Peris ni mwalimu wa historia. Nataka kusikia kutoka kwa mtu anayeijua hiyo mashine. Chungulia kwa macho yako, uniandikie.

Samahani kama nimesema kwa ukali. Wiki hii watu wawili wamepeleka kazi zao kwingine, kwa kijana aliyefungua duka mwezi jana, na sababu ni kwamba ana ndevu.

Wako,
Wacuka

*

Kitale.
16 Juni 2009

Kwako Mzee Mukhwana,

Barua yako ilifika Jumamosi. Nilifungua bahasha nikapata karatasi mbili, nyeupe pande zote.

Nitakueleza nilivyofikiri, kwa mpangilio wake, hata kama sehemu ya kwanza si nzuri. Kwanza nilidhani umenikasirikia, kwamba hili ndilo jibu lako kwa maswali yangu matatu. Nikazitupa juu ya meza. Shangazi yangu Nyaruai, ambaye hakai chumbani mwangu bila kugusa kitu, akazichukua akasema karatasi hizi zina vipele. Nikazishika. Kweli. Printa yenu ni ile ya sindano, yenye kelele. Utepe wake ulikuwa umekauka, na sindano ziligonga karatasi tupu kuanzia mstari wa kwanza mpaka saini.

Nikachukua penseli, nikailaza, nikapaka polepole. Maneno yako yakatokea meupe katikati ya kijivu. Nayanakili hapa, ili ujue yalinifikia:

"Bungoma, 11 Juni. Wacuka binti yangu, taa ilizima yote, na mara moja. Friji na pampu nimeomba zizimwe nusu saa, nikarudia kugusa, mtetemo upo. Si lori. Diski inazunguka, naapa kwa jina la mama yangu. Swali lako la tatu naomba uniachie kwa sasa. Nisaidie tu. Jumatano ilipiga radi na stima ikapotea nikiwa nimekumbatia lile kabati kama mtu anayezuia ng'ombe asianguke. Diski ilipona kwa bahati, na bahati hiyo sina tena. Wako, Mukhwana."

Mzee, kuna mtu aliyeisikia printa ikipiga kelele, akachukua karatasi, akazikunja vizuri, akazitia kwenye bahasha, bila kujua kwamba hazina hata herufi moja. Na herufi kubwa uliniomba. Na taa hujaitaja hata mara moja kwa macho yako. Sikuulizi tena swali la tatu. Nilikuambia chungulia kwa macho yako, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Sasa na mimi nina langu. Nilikuandikia kwamba nimejaribu kwa diski kama yenu. Sikujaribu kwa diski kama yenu. Nilijaribu kwa diski ndogo ya mfukoni, ambayo stima yake yote hutoka kwenye kebo ya USB. Ile hulala kweli. Yenu ina waya wake wa soketi. Ukililaza tundu la USB, diski inaacha kuongea na kompyuta na inazima taa yake, lakini soketi inaendelea kuilisha na ile sahani ya ndani inayotunza sauti inaendelea kuzunguka. Niliogopa kukuambia sina diski kubwa, nikajua utamwendea yule mwenye ndevu. Mkono wako ulisema kweli na mimi nikakujibu kwa kiburi. Nisamehe.

Jumapili baada ya ibada nimeazima diski kubwa kwa Mathenge mpiga picha, na safari hii nimeweka kiganja juu yake. Fanya kwa mpangilio huu. Kwanza itoe kazini kwa umount. Pili iamrishe isimame:

sdparm --command=stop /dev/sdb

Ngoja usikie imetulia. Tatu ndipo uandike ile amri ya suspend. Usiigeuze, kwa sababu ukilifunga tundu kwanza, diski haitasikia ukiiambia isimame. Ni kama kumfungia mtu mlango halafu ukamwita. Ukitaka kuiamsha, andika on, kisha amri ya sdparm ukiweka start mahali pa stop. Programu ya sdparm yenyewe nimeiweka kwenye CD iliyo ndani ya bahasha hii, pamoja na utepe mpya wa printa.

Usiiangalie taa. Iguse.

Wako,
Wacuka

*

Bungoma.
23 Juni 2009

Kwako Wacuka binti yangu,

Peris amenisomea barua yako. Alipofika pale pa penseli aliurudia mstari mara mbili, kisha akaendelea. Safari hii amekagua karatasi hii kabla sijaifunga, anasema wino umekolea.

Swali la tatu nalijibu. Sioni. Macho yalianza kufungwa pembeni mwaka 2004, na tangu Februari hii sina hata mwanga. Naandika kwa sababu vidole vya karani havihitaji macho, na kompyuta uliyotuwekea inanisomea ninachoandika. Peris peke yake ndiye anajua. Utashangaa nimewezaje kuficha. Mahali ambapo watu wengi hawaoni, asiyeona mmoja zaidi hatambuliki haraka. Njia zote zina kamba na kuta, na nikigonga kiti watu husema Mukhwana amechoka.

Nimeficha kwa sababu namjua Bwana Walubengo. Siku moja mwalimu mmoja alipendekeza msaidizi wangu awe mmoja wa wahitimu wetu. Walubengo akajibu, "Si hiyo ni mashine, bana. Mtu atachunga aje kitu haoni?" Hakuna aliyembishia kwenye mkutano ule, na mimi nilikuwa mmoja wa walionyamaza.

Sasa habari njema, na nimeziweka mwisho makusudi. CD ilifika Ijumaa. Niliandika umount. Nikaandika stop, kiganja cha kushoto kikiwa kwenye chuma. Nilisikia mlio mrefu ukishuka, ukishuka, halafu kama kitu kimekaa chini. Kabati likawa kabati tu. Miezi tisa sijawahi kulishika likiwa limetulia stima ikiwapo. Nililia, Wacuka, na sioni haya kukuandikia.

Jumamosi saa tisa alasiri mvua ya Mlima Elgon ikashuka na radi ikapiga mti nyuma ya jiko. Stima ilirudi na kupotea mara nne. Ofisini kompyuta mbili zimekufa na simu ya mezani imeungua. Mimi nilikuwa nimeilaza diski tangu saa sita. Jumapili nikaandika on, nikaandika start, ikapanda sauti yake. Nikafungua sauti ya kwanza iliyonijia. Ilikuwa Biolojia, sura ya nne, moyo na mishipa, kila neno mahali pake.

Kwa hiyo diski ni hai, na 24 Julai nitakwenda kwenye bodi nikiwa na jibu. Kinachonisumbua ni kingine. Wataniuliza nilijuaje kwamba taa inadanganya. Nikisema nilihisi kwa mkono, watauliza kwa nini sikutazama tu. Wewe ungesemaje?

Wako,
Mukhwana

*

Kitale.
29 Juni 2009

Kwako Mzee Mukhwana,

Nimeruka chumbani humu mpaka baba akaja kuuliza kama nimeumwa na nyuki. Radi ya mti, kompyuta mbili zimekufa, na diski yenu imelala humo ndani haina habari. Nimewasimulia wateja wote wa wiki hii, hata waliokuja kununua dawa ya viwavi.

Umeniuliza ningesema nini. Sitakuamulia, ni mkate wako. Nitakuambia tu nilichofanya mimi. Jumatano yule mteja wa kungoja fundi alirudi. Akaniuliza tena fundi yuko wapi. Safari hii nikamwambia, "Fundi ni mimi, na ni mimi niliyetengeneza ile ya kwanza. Kama hutaki, mlango ni huo." Akafikiri, akaniachia kompyuta. Labda ningepaswa kumwambia hivyo mwezi mzima uliopita.

Kuna jambo moja nataka ulibebe kwenye mkutano. Macho ya Peris ni mazima na yangu ni mazima. Sote wawili tuliamini taa. Angekuwa ni mtu anayeona amekaa kwenye kiti chako, diski hiyo ingekuwa imekufa tarehe 20 Juni akiwa ameridhika kabisa.

Niandikie mara moja.

Wako,
Wacuka

*

Bungoma.
25 Julai 2009

Kwako Fundi Wacuka, binti yangu,

Keti kwanza, barua hii si ya kusomwa wima.

Jana saa nne walikaa, saba wote, na mwenyekiti ni Mama Jerono wa Cheptais. Nilieleza habari ya kabati, soketi, radi na amri zako. Walisikiliza vizuri. Kisha Bwana Walubengo akauliza lile swali hasa, kwa nini niliikataa taa. Nilikuwa nimejiandalia jibu la kuzungukazunguka. Nilipofungua kinywa nikajisikia nikisema, "Kwa sababu sioni. Sijaona tangu Februari, na kazi zote mlizozipokea tangu Februari nimezifanya hivyo."

Walubengo akasema pole sana, kwa moyo wake wote nafikiri, halafu akasema ni hatari, na kwamba huenda hiyo habari ya mkono ilikuwa ni bahati tu. Nikamwambia twende chumba cha sauti, anipime.

Wakaja wote. Mimi nikatolewa nje barazani nisisikie kitu, Walubengo mwenyewe akinishika mkono. Ndani, Peris akawa anaiwasha au kuisimamisha diski kama anavyoelekezwa na Mama Jerono kwa kidole, bila neno. Taa waliiziba kwa kitambaa. Niliitwa, nikagusa chuma, nikasema. Nikatolewa tena. Mara kumi, Wacuka. Mara moja waliniwekea ule ujanja wako wa kwanza, tundu limelala na sahani inazunguka, wakidhani nitapotea. Nikawaambia, "Kama taa mmeizima, basi diski mmeisahau." Peris alicheka kwa sauti. Kumi kwa kumi.

Kisha Mama Jerono akawaambia wanabodi nao waguse. Mmoja mmoja wakaweka viganja. Watatu wakasema inazunguka, wawili wakasema imesimama, na Walubengo akainamisha hata sikio, akasema kwa uhakika kwamba inazunguka kwa nguvu. Ilikuwa imesimama robo saa nzima. Wakacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka, na namheshimu kwa hilo.

Mama Jerono hakucheka sana. Alisema, "Tumejenga hapa tuwaambie hawa watoto wanaweza kazi. Sasa tukimfukuza huyu, tutawaambia nini? Katibu, andika. Mukhwana anabaki, na chumba hakifungwi." Walubengo akaandika. Nilisikia kalamu yake.

Nilidhani hapo ndipo furaha yangu imefika kilele chake. Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa watahiniwa, kwa sababu niliona si haki bodi ijue na wao wasijue. Wote ishirini na watatu walikuwa darasani. Nikasimama mbele yao, mzee mzima, nikawaambia kwamba mimi pia sioni, na kwamba nimewaficha tangu Februari, na ninawaomba msamaha.

Hakuna aliyeshtuka. Nasike, yule msichana wa dawati la mbele anayetaka kuwa wakili, ndiye aliyejibu. "Tunajua, Mzee. Tulisikia ukianza kushika ukuta. Tulikuwa tunangoja tu useme."

Kisha akauliza ni lini nitaanza kuwafundisha zile amri. Nimemwambia Jumatatu saa mbili asubuhi, na viti vyote ishirini na vitatu vimeshachukuliwa.

Wako kwa shukrani,
Wilberforce Mukhwana